MAFUA YA MSIMU WA BARIDI: TUYAZUIE, TUMTUNZE MGONJWA, TUHESABU PUMZI ZA MTOTO

Somo letu la leo ni juu ya mafua. Huenda ukasema, "Mafua nayo ni ugonjwa wa kuandikiwa somo? Mafua huja na huenda." Ni kweli. Mafua mengi huja na huenda. Lakini wapo watoto ambao wazazi wao walidhani ni mafua tu, kumbe ugonjwa umekwisha kuingia mapafuni. Walipofikishwa zahanati walikuwa wamechelewa.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. La kwanza, jinsi ya kuzuia mafua yasienee nyumbani. La pili, jinsi ya kumpa nafuu mgonjwa. La tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote, jinsi ya kutambua kwamba haya sasa si mafua tena, bali ni ugonjwa wa kukimbiza zahanati.

Soma polepole. Kama nyumbani yupo asiyejua kusoma, msomee.

MAFUA NA HOMA YA MAFUA

Watu wengi huita kila kitu mafua. Kwa kweli yako magonjwa mawili yanayofanana.

Mafua ya kawaida huanza polepole. Koo huwasha. Pua hutiririka makamasi. Mgonjwa hupiga chafya na kukohoa. Homa huwa ndogo, au haipo kabisa. Mafua haya huisha kwa siku 7 hadi 10. Kikohozi chaweza kubaki siku chache zaidi.

Homa ya mafua, ambayo waganga huiita influenza, huanza ghafla. Mtu alikwenda shambani asubuhi akiwa mzima. Jioni amelala, ana homa kali, kichwa kinamgonga, mgongo na viungo vinamuuma, hana nguvu hata ya kushika kikombe. Wengi hupona kwa muda wa wiki moja. Lakini kwa wazee, wajawazito, watoto wadogo na watu wenye magonjwa ya muda mrefu, kama pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, homa hii yaweza kuwa kali sana.

Usiidharau. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inakwisha, homa ya mafua ilienea dunia nzima na kuua mamilioni ya watu. Huku kwetu Afrika Mashariki iliingia kwa meli bandarini. Halafu ikasafiri na watu katika reli na katika njia za askari na wapagazi. Ugonjwa huu hauna miguu. Husafiri na mtu.

Magonjwa yote mawili huletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho. Virusi vinavyoleta mafua ni vya aina zaidi ya 200. Ndiyo sababu mtu huugua mafua leo, akapona, na baada ya miezi michache akaugua tena. UVIKO-19 nao, ambao mgonjwa wake wa kwanza katika nchi yetu alitangazwa mwezi Machi 2020, huletwa na virusi vinavyoenea kwa njia hizohizo. Kwa hiyo kinga tutakazosoma hapa hutusaidia kwa magonjwa haya yote.

JE, BARIDI NDIYO INAYOLETA MAFUA?

Sisi wa milimani tunaijua baridi. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Magamba ni juu zaidi. Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti ukungu hushuka, manyunyu huanguka, na jua huonekana saa chache tu. Miezi hiyohiyo kila nyumba utasikia watu wanakohoa. Basi wengi wetu husema, "Ni baridi hii."

Baridi peke yake haizai mafua. Mahali pasipo na virusi, mtu anaweza kutetemeka usiku kucha asipate mafua. Tazama pia watu wa Mombo na Korogwe. Wanaishi kwenye joto, na mafua wanayapata.

Basi kwa nini mafua huzidi wakati wa baridi? Sababu ni sisi wenyewe tunavyoishi wakati huo. Tunafunga milango na madirisha. Tunakaa wengi katika chumba kimoja kuota moto. Tunalala watatu au wanne chini ya blanketi moja. Moshi wa kuni unajaa ndani. Hewa ni ileile, mmoja anaitoa na mwingine anaivuta. Akiwapo mgonjwa mmoja, virusi vyake hupata njia rahisi ya kuingia kwa wengine.

Kwa hiyo ni vizuri kumvika mtoto sweta na kofia, maana mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Lakini sweta haizuii virusi. Baridi inataka nguo, virusi vinataka hewa safi na mikono safi. Inatupasa kufanya yote mawili.

MAFUA YANAVYOSAFIRI

Tuchukue mfano. Mama mmoja anapeleka viazi na kabichi kwenye gulio. Mnunuzi ana mafua. Anakohoa katika kiganja, halafu kwa mkono huohuo anatoa noti na kumlipa. Mama anapokea fedha. Baadaye vumbi linamwingia jichoni, anajifuta kwa vidole. Hapo virusi vimepata mlango. Mlango wao ni macho, pua na kinywa.

Anaporudi katika gari lililojaa, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi. Abiria mmoja anapiga chafya bila kujifunika. Matone madogo ya mate yanaruka hewani na wenzake wanayavuta.

Siku ya pili au ya tatu mama anaanza kuwashwa koo. Usiku analala na mtoto wake wa miezi minane. Asubuhi anapika uji pamoja na bibi wa nyumba hiyo, mzee wa miaka sabini. Kabla wiki haijaisha, nyumba nzima inakohoa. Mama atapona. Lakini je, mtoto? Je, bibi?

Utaona hapo kwamba hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Kila mmoja alifanya mambo ya kila siku. Ndiyo maana kinga nayo ni mambo ya kila siku.

KINGA: MAMBO SITA YA KUFANYA

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni. Nawa ukirudi kutoka gulioni au safarini. Nawa baada ya kupenga kamasi, kabla ya kula, na kabla ya kumshika mtoto mchanga. Kama huna bomba, tengeneza kibuyu chirizi. Chukua galoni la lita 5, litoboe tundu dogo karibu na mdomo, lifunge kwenye mti kwa kamba, na kamba nyingine ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, galoni linainama na maji yanachirizika. Weka sabuni kando.

2. Ukikohoa au kupiga chafya, jifunike. Usitumie kiganja, kwa sababu kiganja ndicho kinachosalimia watu. Tumia kitambaa, au kunja mkono ukohoe ndani ya kiwiko. Wafundishe watoto. Watoto hujifunza upesi kuliko sisi.

3. Fungua madirisha kila asubuhi. Acha hewa ipite na mwanga uingie. Usiku acha nafasi ndogo ya hewa na ongeza blanketi. Tandika godoro na mablanketi nje siku jua linapotoka.

4. Mpe mgonjwa nafasi. Ikiwezekana alale peke yake, au alale akielekea upande mwingine. Awe na kikombe chake na kitambaa chake. Asiwabusu watoto wala asiwatafunie chakula. Siku za mwanzo ndizo anazoambukiza zaidi, basi asiende gulioni wala kwenye mkusanyiko kama anaweza kukaa nyumbani.

5. Mama anayenyonyesha akipata mafua, asimwachishe mtoto ziwa. Maziwa yake yana kinga. Anawe mikono, ajifunge kitambaa puani na kinywani, kisha amnyonyeshe kama kawaida.

6. Mpeleke mtoto kliniki apate chanjo zote. Hakuna chanjo ya mafua ya kawaida. Lakini zipo chanjo za magonjwa makubwa ya kifua yanayoweza kumpata mtoto. Chanjo ya kifaduro imo ndani ya sindano ambazo mtoto hupata akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania hupata pia chanjo ya pneumokokasi, ambayo huzuia aina moja kubwa ya nimonia. Chanjo ya surua huanza mtoto akiwa na miezi 9, na hurudiwa akiwa na miezi 18. Tazama kadi ya mtoto wako leo. Kama kuna nafasi tupu ambayo tarehe yake imepita, nenda kliniki. Usione haya kwa kuchelewa.

MOSHI NA JIKO LA MKAA

Hapa Usambara moto ni rafiki yetu. Lakini moshi wake si rafiki. Moshi huunguza njia ya pumzi kidogo kidogo. Mtoto anayefungwa mgongoni mama akipika huvuta moshi uleule anaouvuta mama, naye mapafu yake bado ni machanga. Mtoto wa namna hiyo hupata nimonia kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Anika kuni zikauke kabla masika hayajafika, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Fungua mlango wa jiko unapopika. Toboa nafasi juu ya ukuta, karibu na paa, moshi upate kutoka. Mwache mtoto na mtu mwingine mahali penye hewa safi wakati unapika. Anayevuta sigara avutie nje, mbali na watoto.

Sasa sikiliza jambo la hatari zaidi. Baadhi ya watu, baridi ikizidi, huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huhisi usingizi na kichwa kuuma, halafu haamki. Ni kosa kudhani kwamba mkaa usio na moshi ni salama. Usilale kamwe na jiko la mkaa chumbani, hata kama limebaki makaa machache. Jiko lilale nje.

KUMTUNZA MGONJWA NYUMBANI

Ndugu msomaji, hakuna dawa ya dukani inayoua virusi vya mafua ya kawaida. Mwili wenyewe huvishinda. Kazi yetu ni kuusaidia mwili na kumpunguzia mgonjwa adha.

Apumzike. Kazi nzito ya shamba ingoje.

Anywe sana. Homa humaliza maji mwilini. Mpe maji yaliyochemshwa, chai, uji mwepesi, supu ya kuku au ya mboga. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi, usiku na mchana.

Ale kidogo kidogo. Mgonjwa wa mafua hana hamu ya chakula. Mpe viazi vilivyopondwa, maharage, mboga za majani, parachichi, au matunda yaliyoiva. Chakula hiki tunacho milimani, hatuna haja ya kukinunua mbali.

Kwa koo na kikohozi: chai ya tangawizi yenye limau hulainisha koo. Asali nayo husaidia. Mtoto aliyetimiza mwaka 1 aweza kupewa kijiko kimoja cha chai cha asali kabla ya kulala. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali hata kidogo. Asali yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda. Mtu mzima anaweza pia kusukutua koo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji, sukutua, kisha tema.

Kwa pua ya mtoto iliyoziba: mtoto mchanga hawezi kunyonya kama pua imeziba. Chukua kitambaa laini na safi, kisokote ncha yake, kiloweshe kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa na kupoa. Safisha pua taratibu kabla ya kumnyonyesha. Usinyonye pua ya mtoto kwa kinywa.

Kwa homa na maumivu: parasetamo hupunguza homa. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya miligramu 500. Angoje saa 6 kabla ya kumeza tena, na vidonge visizidi 8 kwa mchana na usiku. Dawa nyingi za mafua zinazouzwa dukani zina parasetamo ndani yake. Ukimeza zote mbili unazidisha bila kujua, na dawa ikizidi huharibu ini. Kipimo cha mtoto hutegemea uzito wake. Uliza zahanati, usikate kidonge kwa kukisia. Mvue mtoto mwenye homa nguo nzito, mwache na nguo nyepesi. Usimtumbukize katika maji ya baridi.

MAMBO YA KUACHA

Yako mambo tunayoyafanya kwa nia njema, lakini yanaumiza.

Vidonge vya rangi mbili. Mtu akikohoa siku moja hukimbilia dukani kununua vidonge vya antibiotiki. Dawa hizi huua bakteria. Haziui virusi. Ukizimeza kwa mafua unatupa fedha bure. Tena, ukizimeza ovyo, bakteria waliomo mwilini huzizoea. Siku mtoto wako akipata nimonia ya kweli, dawa ileile yaweza isifanye kazi. Meza antibiotiki pale tu mganga alipokupima na kukuandikia. Ukianza dozi, fuata maelezo yake mpaka mwisho.

Aspirini kwa watoto. Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini. Yaweza kumletea ugonjwa wa hatari wa ubongo na ini.

Kujifukiza kwa sufuria la maji ya moto. Mvuke waweza kumfanya mtu mzima ahisi pua imefunguka kwa muda. Hauui virusi mwilini. Hatari yake ni kuungua. Usimfunike mtoto blanketi pamoja na sufuria la maji yanayochemka. Sufuria likimwagika, mafua ya wiki moja yatageuka kidonda cha miezi.

Mafuta ya mkaratusi. Mikaratusi ni mingi katika vilima vyetu, na harufu yake tunaijua. Lakini mafuta yake ni sumu kwa mtoto akiyanywa. Usimnyweshe, wala usimpake puani.

Kukata kimeo. Mtoto akikohoa siku nyingi, wengine husema kimeo kimerefuka, wakampeleka kukatwa. Kimeo ni kiungo cha mwili kama viungo vingine. Hakileti kikohozi. Kukikata kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, pepopunda na vidonda vilivyooza. Baya zaidi, siku zinapita huku ugonjwa wenyewe unaendelea mapafuni. Tunawaheshimu wazee wetu. Tuwaeleze kwa adabu, "Bibi, tumpeleke kwanza zahanati apimwe kifua."

HESABU PUMZI ZA MTOTO

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Nimonia, yaani homa ya mapafu, wengine huiita kichomi, huua watoto wadogo wengi duniani. Mara nyingi huanza kama mafua. Makamasi, kikohozi, homa. Halafu siku ya tatu au ya nne, badala ya kupata nafuu, mtoto huzidiwa. Mapafu yakijaa ugonjwa, hewa haitoshi. Mtoto hujaribu kuifidia kwa kupumua harakaharaka.

Kwa hiyo kasi ya pumzi hutuambia habari za mapafu. Huhitaji chombo cha hospitali kuijua. Unahitaji macho yako na saa. Hata saa ya simu inafaa.

Fanya hivi:

1. Ngoja mtoto atulie. Asiwe analia, wala asiwe ananyonya. Akiwa amelala ni vizuri zaidi.

2. Inua nguo yake uone kifua na tumbo.

3. Kila kifua au tumbo linapopanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja.

4. Hesabu kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika. Mtu mmoja atazame saa, mwingine ahesabu.

Halafu linganisha na hesabu hizi:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Hesabu mara ya pili kuhakikisha.

Mtoto wa miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka 1: pumzi 50 au zaidi ni hatari.

Mtoto wa mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni hatari.

Mtoto anayekohoa na pumzi zake zimefika hesabu hizo, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Nimonia ikitambuliwa mapema hutibika. Mganga atampima na kumpa dawa inayofaa.

Tazama pia sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua hutanuka. Mwenye nimonia kali akivuta pumzi, sehemu hiyo hubonyea ndani. Ukiona hivyo, usingoje kuhesabu. Ondoka.

DALILI ZA KUKIMBIZA MGONJWA

Mpeleke mtoto mara moja, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- Hawezi kunyonya wala kunywa.
- Anatapika kila anachopewa.
- Amepata degedege.
- Amelegea sana, au haamki kama kawaida.
- Kifua kinabonyea, au anakoroma na kupiga filimbi anapovuta pumzi akiwa ametulia.
- Midomo au ulimi umegeuka rangi ya bluu au ya kijivu.
- Ana umri chini ya miezi 2 na ana homa, au mwili wake umekuwa wa baridi.

Mtu mzima naye aende zahanati akipumua kwa shida, akiumwa kifua, akikohoa damu, akichanganyikiwa, au homa ikimrudia kwa nguvu baada ya kuanza kupona. Mjamzito mwenye homa asikae nyumbani kungoja.

Yako mambo mengine mawili ya kukumbuka.

Kwanza, kikohozi cha wiki mbili au zaidi si mafua. Nenda ukapimwe kifua kikuu. Ugonjwa huu hutibika, na dawa zake hutolewa bure.

Pili, homa si lazima iwe mafua. Yaweza kuwa malaria. Juu milimani mbu wa malaria ni wachache kuliko bondeni. Lakini wengi wetu hushuka Mombo, Mkomazi na Korogwe kulima, kuuza mboga au kuwasalimu ndugu. Tena, aliyekulia mahali penye malaria kidogo hana kinga kubwa, kwa hiyo akiambukizwa huugua sana. Ukipata homa baada ya safari, mwambie mganga ulikokuwa. Atakutoboa kidole, na majibu utayapata kwa dakika chache.

TUJIPANGE KABLA YA UGONJWA

Njia zetu zina kona nyingi. Mvua ikinyesha huteleza. Kutoka vijiji vingine mpaka zahanati ni mwendo wa saa nzima au zaidi. Mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, huo si wakati wa kuanza kuulizana nani ana fedha na nani ana chombo.

Basi baba na mama wakae wakubaliane leo. Fedha kidogo ya nauli itawekwa wapi? Ni nani mwenye pikipiki au gari atakayeamshwa? Namba yake ya simu imeandikwa wapi? Watoto wengine watabaki na nani? Na jambo moja kubwa: kama baba hayupo, mama asimngoje. Nyumba ikubaliane tangu mapema kwamba yeyote aliyepo nyumbani ana ruhusa ya kumpeleka mtoto. Mtoto asipoteze siku akingoja ruhusa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MANENO YA KUKUMBUKA

Antibiotiki: dawa zinazoua bakteria. Haziui virusi vya mafua.
Kimeo: kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa.
Nimonia: ugonjwa wa mapafu; homa ya mapafu; kichomi.
Virusi: vijidudu vidogo mno vinavyoleta mafua na magonjwa mengine.

MASWALI

1. Kwa nini mafua huzidi wakati wa baridi, ijapokuwa baridi peke yake haiyazai?
2. Taja milango mitatu ya mwili ambayo virusi vya mafua hupitia.
3. Mtoto wa miezi 8 anakohoa. Umehesabu pumzi 54 kwa dakika. Utafanya nini?
4. Kwa nini asali haifai kwa mtoto wa miezi 6?
5. Jirani yako amewasha jiko la mkaa chumbani na anataka kulala. Utamwambia nini?

KAZI YA KUFANYA

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni mbili wa nchi hii walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana. Halafu waliinuka wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Hawakuishia kusoma. Nasi tufanye hivyohivyo.

Leo usiku, mtoto wako akiwa mzima na amelala, hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Andika hesabu hiyo nyuma ya daftari, pamoja na tarehe. Kesho mfundishe jirani mmoja. Ukijua pumzi za mtoto wako akiwa mzima, siku akiugua utaona upesi kwamba zimebadilika. Na ukifika zahanati, mwambie mganga hesabu uliyoipata. Itamsaidia kuanza kazi yake.